Jirani wa Chini na Nusu ya Doti

Mara ya kwanza kumwona jirani yangu wa chini alikuwa akitoa pipa la taka, nami nikadhani anatoka harusini. Sketi yake ilikuwa pana, ya rangi ya zambarau, imeanzia juu karibu na kifua na kushuka mpaka kwenye vifundo vya miguu, na juu yake alivaa kikoti kifupi cheupe kilichofungwa kwa utepe mrefu. Pipa alilisukuma kwa mkono mmoja; wa pili ulishika pindo la sketi lisiguse maji ya mvua. Kesho yake nikamkuta kituo cha basi amevaa nyingine, ya kijivu kwa kikoti cha manjano, nikasema moyoni kumbe harusi yenyewe ni ya siku mbili, kama zetu. Baada ya wiki kadhaa nikakubali kwamba hakuna binadamu anayealikwa harusi kiasi hicho, hata hapa Wembley.

Alikuwa Mkorea, rika langu, mwanamke mwembamba mwenye miwani, na kazi yake ilikuwa kutengeneza meno ya bandia katika karakana iliyo nyuma ya stesheni. Nguo zile kwao zinaitwa hanbok. Alizishona mwenyewe kwa pamba na kitani, akazivaa kazini, sokoni, kwa daktari na kwenye mkutano wa wapangaji, ambako sote tulikwenda kulalamikia lifti na yeye peke yake ndiye aliyesikilizwa.

Kwa kuwa tulipanda basi moja asubuhi, naweza kueleza vizuri London ilikuwa na maoni gani juu ya nguo zile. Bibi mmoja wa Kiingereza mwenye kijibwa alimwambia amemfurahishia siku yake. Kijana mwenye vidude vya muziki masikioni alivitoa, jambo ambalo mama yake mzazi huenda hajawahi kufanyiwa, akamwuliza zinauzwa wapi. Mtoto alitaka kujua kama yeye ni malkia wa nchi gani. Mwanamume mmoja alimwinamia kwa heshima kubwa, kama wanavyofanya kwenye filamu za karate, naye kwa sababu ana adabu akamwinamia pia, na basi zima likatabasamu. Wapo waliodhani ni Mjapani, na wapo waliouliza kwa uangalifu kama ni vazi la dini. Alipowajibu kwamba hapana, ni nguo tu, ya siku ya kawaida, nyuso zao zikachanua.

Hapo ndipo wivu wangu ulipoanzia, kwenye kule kuchanua. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na koti jeusi, suruali nyeusi na mtandio wa kijivu. Hakuna aliyeniuliza chochote, na hilo, kwa kweli, ndilo lililokuwa lengo la koti lile.

Wazazi wangu waliondoka Unguja miaka michache baada ya mapinduzi, mimi ningali mdogo wa kubebwa mgongoni na kulalamika. Kule nyumbani, mama hakuvuka hata barabara bila kanga zake kupigwa pasi na kufukizwa udi. Hapa alipata kazi ya kusafisha ofisi alfajiri, akanunua koti la rangi ya udongo, na sheria ikapitishwa katika nyumba yetu: tuvae namna ambayo hakuna atakayetuuliza. Kanga hazikufa. Ziliingia ndani. Zilivaliwa jikoni, zilivaliwa kwenye swala, zilibebea watoto, zilifunga vichwa vinavyouma, zilifunika wageni waliolala sebuleni. Nje tulitoka kama watu wanaokwenda kuzika mtu wasiyemjua sana.

Mimi nikasoma mpaka chuo kikuu, na nilipomaliza nikaanza kuandika juu ya mambo hayohayo. Nimeandika kurasa nyingi juu ya mavazi na kumbukumbu, nimezisoma mbele ya watu kwenye kumbi zenye mwangwi, nimepigiwa makofi. Siku zote nilikuwa nimevaa suruali nyeusi.

Kwa hiyo maoni yangu, mimi mgeni mwenzake, juu ya mwanamke anayevaa nguo za kwao kila siku ya Mungu katika jiji la watu, yalipaswa kuwa ya kina. Yalikuwa haya: anajionyesha. Nilimwambia mume wangu. Mume wangu, ambaye hatazami nguo ya mtu mpaka iwake moto, akasema lakini ni nguo nzuri. Nikamwuliza neno hilo alilisema mara ya mwisho lini, na juu ya nguo ya nani. Akaenda kuangalia taarifa ya habari.

Nikajaribu kutafuta mwenzangu wa kusengenya. Mwenye duka la pembeni ni Mhindi mzaliwa wa Mombasa. Baba yake aliuza kanga huko maisha yake yote, na yeye Kiswahili chake ni kitamu kuliko cha wanangu. Nilimwuliza anamwonaje yule Mkorea. Akaegemea kaunta.

"Mama, mke wangu ana sari kabati zima. Nikimwambia vaa moja uende nayo benki, ataita mtoto, atasema baba yenu kichwa kimeharibika." Akapima mchele wangu, akafikiri kidogo. "Lakini yule, akiingia hapa, hata mimi nasimama wima."

Nilibeba mchele wangu nikaondoka bila kuaga vizuri.

Jumamosi moja nikaamua nami niwe mtu wa kuchanua. Nikatoa kanga nzuri, nikajifunga moja kiunoni na nyingine nikaitupia kichwani na mabegani, ndani yake nikavaa suruali ya kubana na sweta kwa ajili ya baridi, nikashuka kwenda kununua maziwa. Pale mlangoni nikakutana na mama wa Kiingereza wa ghorofa ya juu, mtu mwema kabisa. Aliniangalia kwa huruma ya kweli, akauliza kama mlango umejifunga nikiwa nimetoka bafuni, na kama ningependa ampigie fundi wa kufuli. Nikamwambia hapana, ninakwenda dukani. Akasema hakuna haja ya kutoka hivyo, mpenzi, akafungua mfuko wake akanipa chupa yake ya maziwa. Nilirudi juu na maziwa ya sadaka, nikavaa suruali nyeusi, na kwa siku nyingi nilimchukia mtu ambaye hakuwapo pale wala hakunifanyia kitu.

Yote hayo ningeyavumilia. Mtu anaweza kuishi na wivu wa nguo kama anavyoishi na bomba linalovuja. Lakini jirani wa chini akampata binti yangu.

Binti yangu ni mtu mzima, anafanya kazi ya hesabu katika kampuni ya bima, na alikuwa amechumbiwa. Nikaha ilikuwa ya kiangazi. Kiswahili anakielewa chote, hata kile tusichotaka akielewe, lakini hujibu kwa Kiingereza. Amekua akitazama tamthilia za Kikorea mpaka analia kwa lugha ile. Nilipomwita jioni aje kula, mara nyingi sauti ilijibu kutoka chini. Walikuwa wanashona. Alijifunza kufunga ule utepe wa kifuani, ambao una namna yake: kitanzi kimoja tu, ncha mbili zining'inie, moja ndefu kidogo kuliko mwenzake. Alinionyesha mezani kwa kutumia kitambaa cha mikono. Aliufunga, akaufungua, akaufunga tena, uso umemng'aa. Mimi nimejaribu miaka mingi kumfundisha kupiga kilemba cha kanga asikae nacho kama mtu aliyepigwa rungu.

Kisha, kati ya tonge na tonge, akanitajia kwamba amemwomba jirani amshonee hanbok ya usiku wa hina. Sketi nyekundu na kikoti cha kijani, kama wavaavyo mabibi harusi wa kwao. Jirani amekubali, na kitambaa kimeshaagizwa.

Nikasema, "Vizuri."

Sasa lazima nieleze kilichokuwa kwenye sanduku chini ya kitanda changu. Kilikuwa kisutu. Kisutu ni kanga ya harusi, ya rangi tatu, nyekundu, nyeupe na nyeusi, na kwetu bibi harusi huvishwa hicho anapopakwa hina. Hiki alivishwa bibi yangu, akavishwa mama, nikavishwa mimi katika sebule moja ya Kilburn, madirisha yamefunikwa kwa mablanketi ili wapita njia wasione ndani. Mama alikitoa Unguja amekivaa mwilini, chini ya gauni, kwa sababu hakujua forodhani watamwacha na nini. Tangu binti yangu azaliwe nilikuwa nikijua siku gani atakivaa na nani atamfunga. Nilikuwa nangoja tu aulize. Kwa nini nilingoja aulizie kitu ambacho hakuna aliyemwambia kipo, hilo ni swali la mtu mwenye akili timamu, na mimi wakati ule nilikuwa na wivu.

Nikamwalika jirani chai.

Msomaji wa pwani ameshaelewa ninakokwenda, lakini nieleze kwa wengine. Kwetu wanawake hawatukanani kwa mdomo kama kuna njia nyingine. Kila kanga ina maandishi yake karibu na pindo, na duka la kanga ni ghala la silaha. Unachagua yenye maneno unayotaka mtu fulani ayasome, unajifunga, unapita mbele yake mara moja tu, taratibu, na ukiulizwa unasema umeipendea rangi. Nilikuwa na doti moja ya kijani na dhahabu, vipande vyote viwili havijakatwa, niliyopewa zawadi na sijawahi kuvaa kwa sababu maneno yake ni makali. Yalimwambia mtu fulani, bila kumtaja, kwamba hata ajipambe vipi, cha mwenzake hatakipata. Nikakata doti, nikapinda kipande kimoja, nikajifunga. Nilihakikisha maandishi yamekaa sawasawa nyuma. Nilimimina chai nikiwa nimempa mgongo zaidi ya ilivyo adabu.

Ndiyo, mwanamke yule hajui Kiswahili. Nilijua. Lakini mtu akiwa amekasirika hupiga hata mlango.

"Nguo hii ni nzuri sana," akasema. Alikuwa ameinama kidogo kwenye kiti, miwani puani, anaisoma kazi ya uchapishaji kama anavyosoma jino. "Na haya maandishi, yanasema nini?"

Nikamwambia ni maneno ya kukaribisha wageni.

Akashukuru kwa mikono miwili. Akasema kwao nguo hazizungumzi, na kwamba ni jambo la kupendeza mtu kuingia nyumba ya watu akakaribishwa hata na sketi. Binti yangu alikuwa pale. Yeye maneno aliyaona, lakini kwake yalikuwa pambo tu la pindo, hakuyasoma; hakuwahi kufundishwa kwamba maneno ya kanga huwa yanakwenda mahali. Aliona tu kwamba mgeni wake amependa. Akafanya kile alichoniona nikifanya na mashoga zangu maisha yake yote, kwamba doti ina vipande viwili, kimoja changu kimoja chako, na anayepewa nusu ndiye mwandani. Nilipokwenda kusuuza vikombe akakichukua kipande cha pili kabatini, akamkunjia, akampa ashuke nacho.

Jirani hakukifanya kanga. Alikishona sketi, hanbok ya kuzungushia kiunoni, marinda mbele na ubavuni. Nyuma aliacha pakiwa tambarare bila rinda hata moja. Baadaye alieleza kwamba aliona si heshima kuyakunja maneno ya watu. Jumatatu akaivaa kwenda kazini. Jumanne akaivaa sokoni. Akapita Wembley nzima, kuanzia stesheni mpaka kwa wauza samaki, amebeba nyuma yake, kwa herufi kubwa, kwamba hata nijipambe vipi, cha mwenzangu sitakipata.

Kwa sababu maneno ya kanga humwendea asiyeivaa. Waswahili wenzetu waliomjua walimjua kama jirani yangu, na kwa hiyo walielewa mara moja ni nani anayeambiwa.

Simu zikaanza kabla sijavua viatu. Mmoja aliuliza kwa upole kama kuna tatizo lolote ghorofani kwetu. Mwingine, ambaye hatujawasiliana tangu msiba wa mwisho, alisema hakutaka kuingilia, ila amemwona Mchina mmoja (nikamwambia ni Mkorea) amevaa jambo zito, na amelivaa likampendeza, afadhali nijue kutoka kwake kuliko kwa watu. Wa tatu alitaka kujua mshonaji. Nilipoingia dukani, yule Mhindi wa Mombasa alitazama kwanza kama hakuna mteja mwingine.

"Mama, umemfanya nini yule bibi?"

"Kwa nini niwe mimi niliyemfanya?"

"Baba yangu ameuza kanga ile miaka na miaka," akasema. "Hakuna aliyeinunua akiwa na amani."

Ningeweza kushuka ngazi nikamweleza. Badala yake nilifanya kama wafanyavyo watu waliosoma: niliahirisha. Nilijiambia London haisomi. Nilijiambia sketi hufuliwa, rangi hupauka. Lakini usiku wa hina ulikuwa unakaribia, ukumbi mzima wa wanawake wanaosoma kanga haraka kuliko gazeti, pamoja na wakwe, na jirani, mgeni wa heshima, tayari alikuwa amemwuliza binti yangu kama avae ile sketi yake ya makaribisho.

Aliyemaliza jambo ni shangazi yangu. Alikuja siku moja kutoka Thornton Heath kukagua maandalizi, bibi aliyepita themanini, ulimi mzima kuliko magoti. Lifti ilikuwa imeharibika kama kawaida, kwa hiyo tulipanda ngazi pole pole, yeye mbele ameshikwa na binti yangu, mimi nyuma na mfuko wa vitunguu. Jirani akawa anashuka. Akatupisha kwa adabu, akageuka kupita, na alipogeuka shangazi akasoma. Alisoma kwa sauti, neno baada ya neno, kama karani wa mahakama.

"Bibi wee, simama hapohapo," akamwambia kwa Kiswahili, na yule mwanamke, ambaye sauti ya mkubwa anaielewa kwa lugha yoyote, akasimama. Shangazi akamgeukia binti yangu. "Mjukuu wangu, muulize huyu kagombana na nani."

Binti yangu akatafsiri. Jirani akasema hajagombana na mtu.

"Basi mwambie asimalize nguvu bure. Na kama yupo, anitajie, n'tamsaidia."

"Kwani ina maana gani, bibi?" binti yangu akauliza, kwa Kiswahili chake cha kuchechemea.

Shangazi akamfafanulia, na binti yangu, ambaye ni mtu wa kazi, akaanza kutafsiri kabla hajasikia mwisho. Nilimsikia sauti ikishuka ngazi kwa ngazi kadiri alivyokaribia mwisho. Alipomaliza, jirani aliivuta sketi yake upande mmoja, akayatazama yale maandishi aliyoyalinda yasikunjike.

"Mama yako aliniambia ni ya kukaribisha wageni," akasema.

Watu watatu wakanitazama. Nilikuwa na vitunguu.

Binti yangu akauliza kwa Kiingereza, polepole, jirani amenikosea nini. Nimeandika juu ya mavazi kurasa nyingi, kama nilivyosema. Nilitafuta aya moja ya kunisaidia. Kilichotoka ni neno moja.

"Anakuvisha."

 Shangazi akaniangalia mimi, si jirani.

"Na wewe umemvisha lini? Kisutu cha bibi yake kiko wapi?"

"Kipo sandukuni."

Binti yangu akauliza, "Kisutu ni nini?"

Shangazi alikaa kwenye ngazi. Sikuwa nimemwona akikaa hivyo tangu alipozikwa kaka yake. 

Jirani aliomba atafsiriwe, na akatafsiriwa yote, pamoja na sanduku. Akafikiri. Akakunja mikono juu ya tumbo la ile sketi ya kanga yangu, na alichosema nakikumbuka kwa sababu nilitarajia kingine.

"Kwetu dada yangu hataki kupanda lifti na mimi. Anasema nafanana na mhudumu wa mkahawa wa chai. Huku watu wananisifu nguo kila siku, halafu wanashuka kwenye basi. Wewe ni wa kwanza kunikasirikia mpaka ukatafuta nguo ya kunitukania." Akamgeukia binti yangu. "Muulize bibi, ipo ya kujibu?"

Shangazi alipotafsiriwa alicheka mpaka ikabidi ashikwe. "Mwambie zipo tele. N'tamletea mwenyewe."

Jioni ile nikalitoa sanduku. Nilikitandaza kisutu kitandani, nikamsimulia binti yangu yote, bibi, mama, forodha, mablanketi ya Kilburn. Alikishika kwa vidole viwili, kwanza, halafu kwa kiganja. Alisema kina harufu ya kabati la bibi. Halafu akasema, kwa Kiingereza na bila ukali, kwamba mimi ninataka avae mbele ya watu kitu ambacho mimi huvaa kukaangia vitunguu. Kwamba hajawahi kuniona nimetoka mlangoni na kanga ila ile Jumamosi moja, na siku ile nilirudi nikavua. Na kwamba mtu aliyemwona akivaa vya kwao kila asubuhi bila kuomba ruhusa ni huyo wa chini. Hanbok alikuwa anaipenda na angeivaa. Kuhusu kisutu akasema tutaona. Hilo ndilo jibu ambalo mimi nimempa tangu akiwa mtoto kila alipoomba kitu ambacho nilikuwa sina nia ya kumpa, kwa hiyo nililielewa.

Siku ya hina nilikikunja kisutu nikakitia ndani ya mkoba wangu, chini ya leso na dawa za kichwa. Sikumwambia mtu. Ikiwa hatakitaka, nilitaka angalau asinikataalie hadharani.

Ukumbi ulijaa. Wakwe walikaa upande wao, wanatusoma. Jirani alikuja na hanbok ya samawati isiyo na neno lolote. Ile ya kijani na dhahabu ilikuwa imeahirishwa kwa ushauri wa shangazi, kwa sababu ikivaliwa mbele ya upande wa bwana harusi kila mmoja wao angedhani ni yake. Kisha binti yangu akaingia na ile sketi nyekundu na kikoti cha kijani, na vigelegele vikapigwa mpaka taa zikatetemeka. Maoni yakamiminika. Shangazi alisema mikono mipana vile ni mizuri kwa kuondokea na sambusa. Mama mkwe alisema anang'aa kama taa. Msichana mmoja aliuliza kama na sisi tunaruhusiwa kuvaa, au ni dhambi kuvaa vya watu, na mwenzake akamjibu mbona wao watu wanavaa vyetu bila kuuliza. Mimi nilimtazama mwanangu, na jambo baya kuliko yote ni kwamba alipendeza. Sketi ilimzunguka kama imemjua tangu zamani. Nilishika mkoba wangu kwa mikono yote miwili.

Mpakaji wa hina, mwanamke wa Kipemba asiyecheka na mtu, akamkalisha bibi harusi kwenye mto. Akaitazama ile mikono mipana, akaitazama hariri, akaweka koni yake chini.

"Mimi hapa sipaki. Nguo hii itaingia hina mpaka kwapani. Mvueni."

Jirani alikuwa karibu zaidi. Akainuka, akapiga magoti mbele ya mwanangu, akaushika ule utepe wa kifuani. Nilijua lazima atakuwa amemletea kanzu ya ndani, au shuka, au kitu cha busara. Ni mtu wa busara. Na kweli alikuwa na kitambaa cheupe kimekunjwa begani.

Binti yangu alikitazama kitambaa. Halafu akanitafuta mimi kwa macho juu ya vichwa vya watu.

"Mama," akasema, na kwa mara ya kwanza usiku ule alisema kwa Kiswahili. "Umekileta?"

Tukaenda nyuma ya pazia, sisi watatu. Jirani ndiye aliyeufungua utepe, kwa sababu ndiye anayejua. Alitoa kikoti, akatoa sketi, akavikunja kwa mpangilio wake mkononi. Mimi nikatoa kisutu mkobani. Nilimzungushia mwanangu kifuani kwa mbele, nikamtaka anyanyue mikono, akanyanyua kama alivyokuwa akinyanyua akiwa mdogo nikimvua fulana. Kilikuwa kimelegea kidogo kwake. Bibi yangu alikuwa mnene. Binti yangu alitazama chini, akayapapasa yale maua meusi na mekundu, akaniuliza kama ndivyo kinavyokaa, nikasema ndivyo.

Nilipoinua kichwa nikamwona jirani. Alikuwa amesimama kando ya pazia, hanbok aliyoishona miezi mingi imelala juu ya mikono yake kama mtoto aliyesinzia, na anatutazama. Hana binti. Aliwahi kuniambia hivyo kituo cha basi, nami nikaitikia huku nikitazama kama basi linakuja. Uso aliokuwa nao niliutambua mara moja. Mimi mwenyewe nilikuwa nao tangu asubuhi zile za basi.

Mtu mwema angempisha, angempa ncha ya kisutu ashike. Nilifikiria kufanya hivyo. Fundo lenyewe ni kazi ndogo, mtu hulifunga huku akizungumza. Nililifunga. Nikasema halijakaa vizuri, na lilikuwa limekaa, nikalifungua, nikamwambia mwanangu atulie, nikalifunga tena polepole.